Mpika mbege asiyethubutu kuonja

Saa tatu asubuhi, jua likiwa limeshapenya kwenye migomba ya Uru, Theopista anakoroga sufuria la ndizi ambalo yeye mwenyewe angeenea ndani yake akikunja magoti. Ndizi zimechemka tangu alfajiri na zimeanza kuwa nyekundu. Jasho linamtoka, mikono haipumziki, na mdomoni ana kipande cha tangawizi mbichi anachokitafuna taratibu.

Tangawizi hiyo si ya kikohozi. "Nikiwa na kitu kikali mdomoni, mdomo unatulia," anasema. "Nikiuacha mtupu unaanza kuniletea maneno."

Pembeni ya jiko lake kuna mapipa mawili ya plastiki yenye mbege iliyochanganywa jana na uji wa ulezi. Imeiva au haijaiva? Hilo Theopista, mwenye miaka ishirini katika kazi hii, hawezi kulisema. Anafunua kifuniko, anageuzia uso upande wa shamba, kisha anaita.

"Baba Stella! Njoo uonje!"

Mumewe, Filbert, anatoka bandani akipangusa mikono kwenye suruali. Anachota kidogo kwa kata, kile kibuyu kilichokatwa cha kunywea, anapiga funda moja, anatazama juu kama mtu anayefanya hesabu.

"Nzuri," anasema.

"Nzuri namna gani?"

"Nzuri tu."

Theopista anafumba macho. Wiki iliyopita mumewe alisema hivyo hivyo, na ndoo nne zikarudishwa kwa sababu mbege ilikuwa chachu kama siki. "Huyu ukimpa maji niliyooshea ulezi atakwambia nzuri," analalamika. Filbert anacheka na kurudi kwa mbuzi wake. Mkewe hacheki.

Theopista ana umri wa miaka arobaini na miwili, na huu ni mwezi wa ishirini tangu aache pombe. Anaishi kwa kupika pombe. Akionja, anaogopa atarudi alikotoka. Asipoonja, wateja wanakimbia. Kuna mtu wa tatu nyumbani ambaye ulimi wake haukosei hata kidogo, naye ni binti yake Stella, mwenye miaka kumi na tisa. Huyo sasa amekatazwa hata kusogelea pipa. Sababu yake ni ndefu, na sehemu yake kubwa Theopista mwenyewe haielewi.

Aliingia Uru kama bibi harusi mwaka 1986, akitokea Kirua. Mama mkwe wake, marehemu Bernadetha, alikuwa mpika mbege anayejulikana, na miaka miwili baadaye akaanza kumkabidhi mkwe wake jiko. Siku hizo malipo ya kahawa yalikuwa yakichelewa hadi watu wanasahau walipima kilo ngapi. Baadaye wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao, bei ikapanda msimu mmoja na kuporomoka misimu mitatu. Filbert alikuwa na kazi kiwandani mjini Moshi, na mwaka 1996 akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Alirudi nyumbani na godoro na barua, akang'oa kahawa nusu shamba, akapanda migomba.

Tangu hapo nyumba nzima ikategemea mapipa ya Theopista. Hakuwa akipika tu. Alikuwa akionja, kwa sababu mbege haina kipimo kingine. Funda moja juisi ya ndizi ikishapoa na kuanza kuchacha. Funda jingine kujua uchungu wa msesewe, lile gome la mti linaloipa mbege ukali wake. Funda wakati wa kuchanganya na ulezi, funda asubuhi yake. Kisha wateja wanafika.

Uchaggani mbege haipokelewi kutoka mkononi mwa mtu ambaye hajainywa kwanza. Anayekukaribisha anapiga funda mbele ya macho yako, ndipo anakupa kata. Wazee ukiwauliza watakwambia ni adabu. Ukiwabana kidogo watakiri kwamba ni kuhakikisha hujawekewa kitu.

"Hesabu mwenyewe," anasema Theopista. "Wageni wakija makundi kumi, mimi nimekunywa mara kumi, na sijanywa ya kwangu bado. Saa sita mchana nilikuwa nimelewa kwa kazi. Mwingine analewa kwa starehe. Mimi nililewa kwa kazi."

Hapo anacheka kidogo, kisha anakumbuka anachokicheka na kurudi kukoroga.

Kilichomchanganya tangu zamani ni njaa. Mbege ni nzito kwa ulezi, na watu wa hapa husema ni chakula, wala hawakosei sana. Kufikia mwaka 2005 alikuwa anakula mlo mmoja kwa siku mbili. Jioni saa kumi njaa ilimshika hadi mikono inatetemeka, anapika kiburu cha ndizi na maharage, anakaa, anakula vijiko viwili, na chakula hakipiti. Akinywa kata moja, njaa inaondoka.

"Njaa yangu ilikuwa inanidanganya. Inasema nipe chakula. Nikiipa chakula inakataa. Sasa nitajuaje inataka nini?"

Novemba 2006, akiwa amebeba ndoo kichwani, aliteleza akaanguka kwenye mfongo, mfereji wa maji ya mashamba. Jirani yake Filemon, aliyekuwa zamu ya kufungulia maji siku hiyo, aliona kwanza ndoo inaelea, ndipo akamwona mwenye ndoo. Theopista alifikishwa hospitali moja kubwa mjini Moshi akiwa amevunjika mkono, ana kilo arobaini na moja.

Alilazwa wiki tano. Wiki ya kwanza hakumbuki mengi, na anayoyakumbuka hataki yaandikwe. Wiki ya pili alifika kitandani kwake mtafiti kijana, Daktari Faraja, akamsalimia shikamoo, akaomba damu.

"Nilimwambia chukua iliyobaki, mwanangu, nyingine yote imeshakuwa mbege," anasema.

Daktari Faraja hakuwa anatafuta malaria wala kitu kingine ambacho Theopista alikijua. Alikuwa anatafuta, kwa maneno yake, "vialama juu ya jeni za homoni za hamu ya kula." Mwandishi wa makala haya alimtafuta ofisini kwake, akaomba aeleze kwa Kiswahili cha nyumbani, na daktari alijitahidi kweli.

Mwili, alisema, una homoni inayotoka tumboni na kumwambia mtu ana njaa, na nyingine inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kumwambia ameshiba. Kila moja inatengenezwa kwa maelekezo ya jeni. Pombe ya miaka mingi haibadilishi maelekezo yenyewe, ila inaweza kubandua au kubandika vialama vidogo juu yake, na vialama hivyo ndivyo vinavyoamua jeni ifanye kazi kwa nguvu au kwa uvivu. "Ni kama utambi wa taa. Mafuta ni yale yale, taa ni ile ile, lakini mtu amepandisha au ameshusha utambi."

Na homoni za njaa, aliendelea, zinafika pia kwenye sehemu ya ubongo inayotamani pombe. Tafiti chache za nje zimeanza kudokeza kwamba vialama hivyo vinakwenda pamoja na ile kiu inayowarudisha watu kwenye chupa. "Zimeanza kudokeza," alirudia, akinyoosha kidole. "Usiandike kwamba tumethibitisha."

Theopista alielezwa haya haya mara tatu, kila alipotolewa damu.

"Nikamwuliza, kwa hiyo ugonjwa wangu uko tumboni au kichwani? Akasema kote, mama. Nikamwuliza, utambi ukishashushwa nani ataupandisha? Akasema hilo ndilo tunalolitafuta. Nikamwambia, basi mimi na wewe tuko sawa, wote hatujui, ila wewe una koti jeupe."

Aliporudi nyumbani alikuta kila mtu ana maelezo yake. Padri alimwambia ni jaribu, akamtaka azidi kusali. Filbert alimwambia ni ukaidi. Daktari anasema ni vialama. Theopista ameyabeba yote matatu, na siku nyingine anaamka anaamini moja, akilala anaamini jingine. Anaposali anahisi anamsingizia shetani. Anapofikiria vialama anahisi anajitafutia sababu. Inachosha, anasema, kuliko kukoroga ndizi.

Lakini ilibidi kupika, maana wadogo wawili wa Stella walikuwa shuleni. Hapo ndipo Theopista alipofanya jambo ambalo siku hiyo lilionekana la busara kabisa. Stella alikuwa amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani, ana ulimi wa bibi yake. Mama akampa kata.

"Sikufikiri hata dakika moja," anasema. "Nilifikiri nimejiokoa."

Mbege haikuwahi kuuzika kama mwaka ule. Stella aliinywa mbele ya wageni kwa adabu, akiinama kidogo, na wazee wakamsifu. Waliuza hadi ndoo ishirini kwa wiki, na baada ya kutoa gharama za ndizi, ulezi na kuni zilibaki kama shilingi elfu thelathini. Theopista aliongezeka kilo tisa. Alikaa jikoni na tangawizi yake, akimsikia binti yake akicheka na wateja uani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alikuwa na amani.

Aprili mwaka huu, alipotolewa damu mara ya tatu, daktari aliuliza kama ana watoto. Theopista akauliza kwa nini. Daktari, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alitamani baadaye angejibu kwa uangalifu zaidi, akasema wapo wanasayansi wanaodhani kwamba baadhi ya vialama vinaweza kupita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, au kuwekwa mtoto akiwa bado tumboni. Wanadhani tu. Hakuna aliyejua.

Theopista hakusikia tena neno lolote baada ya hapo. Stella alizaliwa mwaka 1989. Mwaka huo yeye alikuwa na tumbo kubwa na kata mkononi, anajifunza kazi kwa mama mkwe.

Alirudi nyumbani akaanza kutazama sahani ya binti yake. Akaona mambo. Asubuhi Stella anakunywa chai, anaacha andazi. Mchana anakula nusu. Jioni anasema ameshiba, na ni kweli, kwa sababu ameonja kutwa. Labda ni msichana tu wa miaka kumi na tisa asiyetaka kunenepa. Labda siyo. Mama hakuwa na namna ya kujua, na hakumwambia mtu.

Mwezi uliofuata ilikuja posa ya jirani. Kijana wa Filemon alikuwa anaoa Machame, na wakwe wangekuja kunywa. Ndoo kumi na mbili zilipikwa kwa Theopista. Siku yenyewe wageni walikaa kwenye mabenchi uani kwa Filemon, na mkubwa wao, Mzee Ebenezeri, mtu wa kofia na maneno machache, alipewa nafasi ya kwanza.

Stella alichota, akainua kata anywe mbele yake kama kawaida. Mama yake alikuwa hatua mbili nyuma. Aliona mkono wa binti yake. Haukutetemeka, anasema, lakini ulikwenda mdomoni haraka. Haraka mno.

"Usinywe!" akapiga kelele.

Ua mzima ukageuka kumtazama.

Msomaji asiye wa huku huenda asione ubaya wake. Mpika mbege, mbele ya wakwe, anamkataza mwanawe mwenyewe kunywa mbege aliyoipika. Mzee Ebenezeri aliweka mikono magotini, akauliza polepole, "Mama, umeweka nini humo?"

"Sijaweka kitu, baba."

"Mbona mtoto asinywe?"

Theopista alijaribu kueleza. Ndiyo hapo mambo yalipoharibika kabisa. Alisema kuna vialama. Alisema viko kwenye damu, vinatoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na hospitali wamevichukua wavipime. Mama mmoja akashika kinywa. Watu wawili wakasogeza benchi. Waliodhani ni sumu sasa walidhani ni ule ugonjwa mwingine, na aliyekuwa hajadhani chochote akaanza kudhani yote mawili.

"Kila nikisema neno linazidi kuniangusha," anakumbuka. "Nikaichukua ile kata mkononi. Nikajua nikinywa funda moja yanaisha. Harufu imeniingia hadi kisogoni. Posa ya watu inaharibika, jina langu linaharibika, na mwili wangu wote unaniambia, kunywa, mbona una sababu nzuri? Sijui ni mimi niliyekuwa nasema au ni vile vialama. Mpaka leo sijui."

Alisimama hivyo, anasema Filemon, kwa muda wa mtu kusali Baba Yetu nzima.

Aliyeinuka ni Filbert, yule yule wa "ni ukaidi tu". Alipita katikati ya wageni, akaichukua kata mkononi mwa mkewe, akainywa yote mbele ya Mzee Ebenezeri, akaipindua kuonyesha imekwisha.

"Meku," alisema, kama mzee anavyoitwa kwa heshima Uchaggani, "mke wangu alikuwa mlevi. Ameacha. Anaogopa mtoto asiwe kama yeye. Mengine ya damu hata mimi siyaelewi. Kama ni sumu, ameanza na mume wake, na ana kila sababu."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Mzee Ebenezeri hakucheka, ila alinyoosha mkono apewe kata. Posa ikaendelea. Theopista akaenda nyuma ya banda la ng'ombe la Filemon, akalia hadi tangawizi ikamtoka mdomoni.

Siku ya pili yake alimwambia Stella asiguse tena mapipa. Stella alikasirika, na hasira yake bado haijaisha.

"Mama aliniaibisha mbele ya watu kwa kitu ambacho hata daktari hakijui," anasema binti huyo, akiwa amesimama mbali na jiko, mikono kifuani. "Nilikuwa najua kazi. Wateja walikuwa wangu. Mimi sijawahi kulewa hata siku moja. Aisee, andika hilo."

Limeandikwa. Mwandishi alimwuliza Daktari Faraja kama Stella yuko hatarini. "Kama ningekuwa najua ningekwambia," alisema. "Mtoto wa mlevi yuko karibu zaidi na ulevi kuliko mwingine, hilo tunalijua siku zote. Ni kwa sababu ya vialama, au kwa sababu ya kukulia karibu na pipa, au kwa sababu alipewa kata na mama yake? Siwezi kuvitenganisha." Mwandishi alitoka pale na daftari limejaa na kichwa kimejaa zaidi, akamwelewa Theopista kuliko alivyomwelewa daktari.

Baada ya posa ile wateja walipungua hadi ndoo tano kwa wiki. Baadhi wanasema sumu, baadhi wanasema damu, na wengi hawasemi ila wanakunywa kwingine. Ulimi wa Filbert haujasaidia. Kwa hiyo Theopista ana mpango. Mwezi ujao atauza mapipa na sufuria kubwa, na kwa fedha hizo atanunua ulezi Sanya Juu, aulowanishe, auoteshe, aukaushe, auze kimea kwa wapika mbege katika soko la Mbuyuni. Kimea kinapimwa kwa jicho na kwa kidole. Hakuna anayelazimika kukinywa mbele ya mgeni.

"Najua ni pombe ile ile," anasema kabla hajaulizwa. "Nitakuwa nawauzia wenzangu. Usidhani silioni. Lakini siwezi kutatua vyote kwa siku moja, na watoto wanasoma."

Anafikiria pia kumpeleka Stella akatolewe damu. Kisha anafikiria kutompeleka. Wakikuta vialama, afanye nini navyo? Wasipokuta, atawaamini? Stella mwenyewe amesema hatakwenda, halafu jana akauliza, kama mtu asiyejali, hospitali inafunguliwa saa ngapi.

Inakaribia saa saba. Ndizi zimeiva, moto umepunguzwa. Stella anakuja hadi kwenye kizingiti cha jiko na kusimama.

"Mama, nina njaa."

Theopista anaacha mwiko. Anamtazama binti yake usoni, machoni, mikononi, kwa muda mrefu kuliko neno hilo linavyostahili. Kisha anapakua kiburu, anajaza sahani, anaiweka juu ya kigoda, na yeye anakaa chini kuelekea kwake.

Stella anakula. Kijiko cha tatu kinapita, cha nne kinapita. Mama anahesabu, midomo ikisogea bila sauti.

"Mama, usinitazame hivyo."

"Kula tu, mwanangu."

Alipoulizwa anatumaini nini, Theopista hakutaja kimea wala soko. Alijibu akiwa bado anaitazama ile sahani.

"Nataka huyu akisema ana njaa, iwe ni njaa ya chakula. Basi. Mengine nitayaelewa pole pole, au sitayaelewa."

Stella alikomba sahani, akainyoosha kwa mama yake aongezewe.